Elimu ya Msaidizi wa Sheria



Mjane aletewapo karatasi asiyoweza kuisoma, kisha akatiwa wino kidoleni akapiga dole gumba, yamkini amekwisha kuuza kibanja walichoachiwa yatima. Hapo kalamu imefanya kazi ya panga. Na aliyedhulumiwa kwa kalamu hana budi kutetewa na mwenye kuijua kalamu.

Mawakili wapo Uganda, lakini wengi wao wako Kampala na miji mikubwa, na ujira wao ni mzito kwa mkulima. Ndipo ilipozaliwa kazi ya msaidizi wa sheria: mtu aliyefundishwa misingi ya sheria, akaaye karibu na wanyonge, awaelezaye haki zao kwa lugha waifahamuyo. Nchini Malawi, tangu mwaka 2000, wasaidizi hawa waliingia magerezani kuwafundisha mahabusi namna ya kuomba dhamana, na Uganda ikaufuata mfano huo.

Kijana atakaye kuisomea kazi hii ana njia mbili. Ya kwanza ni mafunzo mafupi yatolewayo na vyama vya msaada wa sheria, kama FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974. Ya pili ni Diploma ya Sheria katika Law Development Centre, chuo cha Kampala kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1970.

Je, mwanafunzi hujifunza nini? Kwanza, Katiba ya mwaka 1995. Kifungu cha 23 chaamuru mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita tangu kukamatwa. Na dhamana ya polisi haina malipo. Wangapi wametoa fedha kwa kutoyajua hayo! Pili, ardhi: Sheria ya mwaka 1998 yamkataza mume au mke kuuza ardhi inayokaliwa na jamaa yake bila ya ridhaa ya mwenziwe. Tatu, mirathi: mwenye mali akifa, habari hupelekwa kwa Administrator General, na mahakama ndiyo itoayo hati ya usimamizi. Nne, mahakama za mabaraza ya mitaa, ambazo kwa Sheria ya mwaka 2006 husikiliza madai madogo kuanzia kijijini.

Asomaye mambo haya yampasa kuujua na mpaka wake. Hana ruhusa ya kusimama mahakamani kama wakili. Shauri lililo zito humpelekea mwenye leseni. Siri za watu ni amana shingoni mwake. Naye akipokea rushwa, amekuwa panga la pili juu ya mjane yule yule.

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara yaamuru deni liandikwe, tena mwandishi asikatae kuandika kwa uadilifu. Basi mzazi mwenye kijana msomi amhimize. Na mwenye binti asimzuie, kwani yako mambo ambayo mjane hamwambii ila mwanamke mwenziwe. Chama nacho kikimlipia karo mwanafunzi mmoja tu, hiyo ni sadaka yenye kuendelea: siku mjane atakapoletewa karatasi, atakuwapo wa kumsomea kabla wino haujagusa kidole.