Matibabu ya Uingereza: Nani Anatibiwa Bure na Nani Analetewa Bili



Kwanza natoa shukrani kwa kupewa fursa hii. Nimeombwa nizungumze juu ya afya zetu hapa Uingereza, na Mwenyekiti ameshanionya nisirefushe maneno kwa sababu biriani inapoa. Mimi si daktari. Ni mtu ambaye kwa miaka mingi nafuatana na wenzetu mahospitalini kuwafasiria, na kazi hiyo imenionesha jambo ambalo daktari halioni. Daktari anamuona mgonjwa aliyekwishafika kwake. Mimi nawajua wasiofika.

Tuanze na hili neno "bure". Nyumbani kila mtu anaamini kuwa Uingereza mtu anatibiwa bure, na sisi wenyewe tukipiga simu tunaliendeleza. NHS ilipoanzishwa tarehe 5 Julai 1948 makusudio yalikuwa mtu atibiwe bila ya kuulizwa fedha, na gharama zitoke katika kodi. Kwa mkaazi wa kudumu hilo bado lipo. Kwa sisi wahamiaji mambo yamebadilika hatua kwa hatua, na wengi hawakustuka mpaka bili ilipoingia mlangoni.

Tangu Aprili 2015 anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita kuja kufanya kazi, kusoma au kuishi na mume au mke wake analipa ada ya afya kabla ya kupewa viza. Ilianza kwa pauni 200 kwa mwaka. Mwaka 2019 ikawa 400, Oktoba 2020 ikawa 624, na tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto au mwanafunzi. Fedha hizi zinalipwa zote kwa pamoja, kwa miaka yote ya viza. Chukueni mume, mke na watoto wawili waliopewa viza ya kazi ya miaka mitatu: ni pauni 10,866, mbali ya ada ya viza yenyewe na nauli. Na huyo baba akianza kazi anakatwa kodi ya mapato na bima ya taifa kama jirani yake Mwingereza, kodi zile zile zinazoiendesha NHS. Kwa maoni yangu huku ni kumtoza mtu mara mbili kwa kitanda kimoja. Serikali inasema ni haki mgeni achangie. Sawa, mbona anachangia kila mwisho wa mwezi?

Waliokuja kwa viza ya wafanyakazi wa afya na ulezi wamesamehewa ada hiyo. Dada zetu wengi waliokuja 2022 na 2023 kuwatunza wazee wa Kiingereza wamo katika kundi hilo. Lakini mlango ule umefungwa kwa wapya kutoka nje tangu Julai 2025, na kabla yake, Machi 2024, walezi wapya walikatazwa kuja na watoto wao. Kwa hivyo usimwambie mdogo wako kuwa njia ipo kwa sababu wewe ulipita.

Sasa tuje kwa yule asiyekuwa na ada hiyo wala ukaazi: aliyekuja kwa viza ya matembezi, au viza yake imekwisha. Katika hospitali za England mtu huyu anatozwa asilimia 150 ya gharama, yaani bei kamili na nusu yake juu. Na tangu Oktoba 2017 kama tiba si ya dharura wala ya haraka anatakiwa alipe kwanza. Deni likifika pauni 500 na likapita miezi miwili bila ya kulipwa wala kukubaliana namna ya kulipa, hospitali inaweza kuipa habari Home Office, na ombi la viza linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo inapozaliwa khofu, na khofu inadhuru kuliko bili.

Namjua mama mmoja, simtaji yeye wala mji wake. Alikuwa mjamzito na viza yake imekwisha. Watu wakamwambia ukikanyaga hospitali utaitiwa polisi. Akakaa ndani miezi saba bila ya kupimwa hata mkojo. Alipoanza kuvimba uso na kuona vimulimuli machoni ndipo nilipoitwa mimi, usiku. Presha ilikuwa juu mno na mtoto ikabidi atolewe siku ile ile kwa operesheni. Alhamdulillah wote wawili wako hai. Bili ilikuja, maelfu ya pauni, na mpaka leo analipa kidogo kidogo kila mwezi kwa makubaliano. Lakini sikilizeni: matibabu ya ujauzito na uzazi yanahesabiwa kisheria kuwa ni ya lazima wakati wote. Hospitali ina haki ya kukudai baadaye. Haina haki ya kukuzuia wala kukuchelewesha kwa sababu huna fedha. Mama yule angelijua hilo, angekwenda mwezi wa tatu.

Siwalaumu waliomtisha. Khofu hii haikuzuka hewani. Mwaka 2017 yalitangazwa makubaliano ya Home Office kupewa anwani za wagonjwa kutoka NHS, na ilibidi madaktari na wabunge wapige kelele mpaka Mei 2018 yakasitishwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka huo huo ndio tuliosikia kisa cha mzee mmoja mzaliwa wa Jamaica, aliyefika London akiwa kijana na kuishi humo miaka 44, aliyeambiwa alete paspoti au alipe pauni 54,000 ndipo atibiwe kansa. Mtu amelipa kodi maisha yake yote! Kelele za magazeti ndizo zilizomsaidia. Ikiwa hayo yalimfika yeye, nani atamlaumu kijana wetu aliyenyimwa hifadhi akijificha na kikohozi chake?

Lakini kujificha na kikohozi ni khatari, tena bila ya sababu. Kifua kikuu kinapimwa na kutibiwa bure kwa kila mtu, awe na viza au asiwe nayo. Malaria ni hivyo hivyo, na Ukimwi tangu Oktoba 2012. Kwenda kwa GP ni bure kwa kila mtu, na GP haruhusiwi kukukataa kwa kuwa tu huna paspoti au barua ya umeme yenye jina lako. Wako wahudumu wa mapokezi wasiolijua hilo, au wanajifanya hawalijui. Ukikataliwa, omba wakuandikie sababu. Mara nyingi kalamu inawafanya wakumbuke. Chumba cha dharura nacho ni bure, ila ukilazwa wodini hesabu inaanza. Anayesubiri jawabu ya ombi lake la hifadhi hatozwi kitu hospitalini. Haya ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao, na aghlabu ni za huruma zaidi.

Liko jengine ambalo nimeliona linawachoma wazee wetu, nalo ni la paspoti. Wengi wetu tuliofika baada ya machafuko ya Januari 2001 tulihangaika miaka mpaka tukapata uraia, na kwa kuwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu uraia wa nchi mbili, tuliutoa wa kwetu. Tukadhani tumenunua matibabu ya maisha. Sivyo. Haki ya kutibiwa bure NHS haiko katika paspoti, iko katika kuishi hapa. Raia wa Uingereza aliyehamia Unguja, akajenga Fuoni na kuishi huko, akirudi kwa ajili ya operesheni ya moyo anaweza kuhesabiwa mgeni na kutozwa kama mgeni. Anayekwenda nyumbani miezi miwili mitatu kukimbia baridi asiwe na wasiwasi, maadamu makaazi yake bado ni hapa na anaweza kuyathibitisha. Hakuna idadi ya siku iliyoandikwa. Wanaangalia maisha yako kwa jumla, nyumba, benki, familia. Kwa hivyo mzee anayepanga kurudi moja kwa moja apige hesabu ya dawa zake za presha na sukari kabla ya kupiga hesabu ya matofali.

Na wazazi wetu wanaokuja kututembelea. Tunawaleta kwa mapenzi, bibi aone wajukuu, na wengine, tuseme kweli, tunawaleta wapimwe. Bibi ana sukari miaka kumi, kwenye ndege hakuandikiwa bima, wiki ya pili anaanguka. Mtaona bili ya wodi kabla ya bibi hajatoka wodini. Nunueni bima ya safari kabla ya kuondoka, na muandike maradhi yote aliyonayo hata kama bei itapanda, kwa sababu bima iliyofichwa ugonjwa hailipi siku ya ugonjwa. Hata Zanzibar yetu tangu Oktoba 2024 inamtoza mgeni dola 44 za bima akiingia, na sisi tunamleta mama London na vitumbua tu mkobani.

Nije kwenye miili yenyewe, maana nayo tumeisahau. Sisi Waafrika, na ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi, tunapata kisukari cha ukubwani mapema na kwa wingi kuliko wazungu. Presha vile vile. Wanaume weusi hapa, mmoja katika wanne atapata kansa ya tezi dume katika maisha yake, ambapo kwa wanaume wote ni mmoja katika wanane. Baba zangu mnacheka, lakini ni lini mmoja wenu alimwambia GP habari ya kuamka usiku mara nne kwenda kukojoa? England mwenye umri wa miaka 40 mpaka 74 asiyekuwa na maradhi hayo anaitwa kila miaka mitano kupimwa presha, sukari na mafuta ya damu, na barua hizo nazikuta majumbani hazijafunguliwa. Dawa za kuandikiwa tangu Mei 2024 ni pauni 9.90 kila aina moja. Anayetumia dawa za sukari ana haki ya cheti cha msamaha asilipe kabisa, lakini lazima akiombe kwa GP. Ukitia saini nyuma ya karatasi kuwa umesamehewa na cheti huna, unaweza kupigwa faini ya mpaka pauni 100. Mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya HC1.

Na tafadhalini, msiwatumie watoto kufasiri. Nimemkuta mtoto wa miaka kumi anamuelezea daktari matatizo ya kizazi ya mama yake. Mama kaficha nusu kwa haya, mtoto kakosea nusu kwa kutokujua, na daktari akatoa dawa ya tumbo. Ombeni mkalimani wakati wa kuweka miadi, hospitali inamlipa wao, wewe hulipi.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani niseme kidogo tu, maana huko ni bahari nyengine. Sheria ya 1986 inailazimisha hospitali yenye chumba cha dharura impime na kumtuliza kila anayefika katika khatari, ana fedha au hana. Bili itakuja nyuma yake. Lakini hospitali nyingi huko zimesajiliwa kuwa si za faida, na hizo zinatakiwa kisheria ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kuwapunguzia au kuwasamehe wasiojiweza. Usilipe kwa kadi ya mkopo kabla ya kuiomba fomu hiyo.

Nimalizie na nyumbani, kwa sababu nusu ya gharama zetu za afya ni simu za usiku: baba kalazwa Mnazi Mmoja, inatakiwa picha, inatakiwa damu, wanasema apelekwe Muhimbili, wanasema India. Tunachangishana na kutuma, na tutaendelea. Lakini ikiwa Tanzania ilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Zanzibar ikawa na mfuko wake wa huduma za afya, basi tunapokutana na viongozi wanapopita London kwa matibabu yao wenyewe, tusiwaulize habari za majimbo tu. Tuwaulize mzee wa Makunduchi asiyekuwa na mtoto Ulaya anaandikishwa wapi na nani anamlipia. Mimi nimeshamuuliza mmoja, akaniambia nimuandikie. Nimemuandikia, nasubiri jawabu.

Mwenye barua ya hospitali au ya deni asiyoifahamu, nitakuwepo pale meza ya pembeni mpaka saa nne. Ileteni na bahasha yake.