Nani Alikuwa Akitoa Amri?



Shuleni tulikaririshwa majina ya mashujaa waliopigana na Mwingereza. Jinsi walivyojipanga, hatukuambiwa. Leo tuangalie hilo.

Tuanze na majirani zetu, Wanandi. Kila eneo, waliloliita pororiet, lilikuwa na baraza la wazee na vijana wake wa vita. Juu ya yote alikuwepo Orkoiyot, Koitalel arap Samoei. Wajumbe wake walikaa kwenye mabaraza, na vijana walitaka baraka zake kabla ya kutoka vitani. Mpango huu uliwasumbua Waingereza kuanzia 1895 hadi 1905. Lakini kamba zote zilikuwa zimefungwa kwa mtu mmoja. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na ofisa Meinertzhagen akampiga risasi. Miezi michache tu, upinzani ukavunjika na watu wakafukuzwa kwenye ardhi yao.

Mau Mau je? Huko msituni Dedan Kimathi na wenzake waliunda Baraza la Ulinzi mwaka 1953, kisha Bunge la Kenya mwaka 1954, ili majenerali wawe chini ya kikao. Jenerali China alishikwa Januari 1954, lakini vita vikaendelea. Mnaona tofauti?

Ila nao walikuwa na pengo. Risasi, dawa na wapiganaji wapya vilitoka kwa kamati za siri za Nairobi. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi likauzingira mji na kuzoa maelfu ya watu. Njia ya msituni ikakatwa. Huku ndani, Kimathi na Stanley Mathenge wakavutana juu ya nani mkubwa. Oktoba 1956 Kimathi akashikwa.

Kwa hivyo adui hakutafuta tu mwenye bunduki. Alitafuta kile kiungo kinachomshika mpiganaji na mwenye siasa, akakikata hapo.

Sisi hatuna vita vya bunduki, tuna vikao, barua na kesi. Lakini jiulize wewe: kwenye kikundi chenu, nani ana namba za wanachama? Nani anajua pesa ziko wapi? Akishikwa kesho, nani ataitisha kikao? Kama majibu yote ni jina moja, basi hamna kikundi. Mna mtu.