Mtoto Msafiri si Mzigo: Kupanga Safari ya Familia Kwenda Oman

Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Pwani wanaokusudia kusafiri ng'ambo na watoto wa shule

 

Nyumba nyingi hapa Pwani zina jamaa ng'ambo ya bahari. Kuna shangazi aliyeolewa Muscat, kuna wana wa ami walio Sur. Simu hupigwa Idi hadi Idi, salamu zikafika, kisha kila mtu akarudi kwa shughuli zake. Wazee wanaojua nani ni nani wanapungua kila mwaka. Mtoto aliye Gredi ya 5 leo asipokutanishwa na jamaa hao wangali hai, undugu huo utabaki picha ukutani.

Wazazi wengi hutamani safari hiyo lakini huiona ni kazi ya wakala. Wakala ana faida zake, ila ratiba yake mara nyingi ni hoteli, duka kubwa la kifahari na basi la watalii. Familia inaweza kujipangia yenyewe, kwa gharama inayoijua na kwa mwendo unaowafaa watoto. Sharti moja ni kwamba mtoto ashirikishwe tangu siku ya kwanza. Anayebebwa kama sanduku hurudi na picha za simu tu. Aliyepanga pamoja na wazazi hurudi na maarifa.

Anzeni nyumbani

Kabla ya kununua tiketi, wapelekeni watoto Fort Jesus, Mombasa. Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 wakaitwaa Desemba 1698, katika zama za Imamu Saif bin Sultan. Baba yake, Sultan bin Saif, ndiye aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na ndiye aliyeijenga ngome kubwa ya mviringo iliyoko Nizwa. Mtoto aliyezishika kuta za Mombasa akipanda ngome ya Nizwa atajua kwamba yuko katika mlango wa pili wa hadithi ile ile.

Vilevile, mketisheni na nyanya au babu achore mti wa ukoo. Aandike nani alikwenda, lini na kwa nini. Baadhi ya familia ziliondoka baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Wengine waliitikia mwito wa Sultan Qaboos baada ya mwaka 1970, alipowataka Waomani walio nje warudi kuijenga nchi. Ndiyo sababu Kiswahili kinasikika Muscat hadi leo. Daftari hilo la ukoo ndilo kitabu cha kwanza cha safari.

Chagueni msimu kwa kalenda ya shule

Likizo za Kenya ni Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Likizo ndefu ndiyo bora kwa kaskazini mwa Oman, kwa kuwa hali ya hewa ni ya wastani na watoto wanaweza kutembea mchana. Agosti, joto la Muscat ni kali mno kwa mtoto. Mwenye nafasi Agosti tu aangalie Salalah, kusini, ambako kati ya Juni na Septemba manyunyu hugeuza milima kuwa ya kijani. Huko ndiko kunakotoka ubani, na mtoto ataona mti wenyewe unaotoa harufu anayoijua kutoka chetezo cha nyumbani. Kutoka Muscat hadi Salalah ni kama kilomita 1,000, kwa hivyo msizibane sehemu hizo mbili katika wiki moja.

Stakabadhi ndizo hukwamisha safari

Kila mtoto awe na pasipoti yake, na iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha muda. Maombi huanzia eCitizen. Kagueni cheti cha kuzaliwa mapema. Majina yakitofautiana na yale ya kitambulisho cha mzazi, marekebisho huchukua muda, na tiketi iliyokwisha kununuliwa haisubiri.

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, andaeni barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Jambo hili si la kumshuku mtu. Ni kinga ya mtoto dhidi ya kutoroshwa.

Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha. Msiisubiri hadi wiki ya safari. Masharti ya viza hubadilika, kwa hivyo yasomeni katika tovuti ya Polisi wa Kifalme wa Oman, wanaotoa viza za mtandaoni, wala msitegemee maneno ya jirani aliyekwenda mwaka juzi. Andikeni pia mawasiliano ya Ubalozi wa Kenya ulioko Muscat.

Sehemu chache, siku za kutosha

Kwa siku 10, sehemu tatu zinatosha: Muscat, Nizwa na Sur. Nizwa iko mwendo wa takriban saa mbili kwa gari kutoka Muscat. Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mifugo, ambapo wauzaji huzungusha mbuzi mbele ya wanunuzi. Karibu na hapo pana mfereji wa Daris, mmojawapo wa mifereji mitano ya kale iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa zamu mashambani. Mtoto aliyezoea kupanga foleni kwenye kioski cha maji atakuwa na maswali mengi ya maana hapo.

Sur ni mji wa mafundi wa majahazi. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman yalishuka na kaskazi hadi Lamu na Mombasa, yakarudi na kusi. Ras al-Jinz, upande wa mashariki wa Sur, kasa hupanda ufuoni usiku kutaga mayai, na wageni huongozwa na walinzi wa hifadhi. Mtoto wa Watamu au Kiunga ataona kwamba mazingira anayofundishwa kuyatunza yana wenzake ng'ambo.

Acheni siku moja katika kila tatu bila mpango. Siku hiyo ndiyo jamaa watakapowaalika chakula, na watoto watalinganisha halua ya Muscat na ya kwao.

Kila mtoto na kazi yake

Wa miaka 7 asimamie chupa za maji na kuhesabu mabegi kila mnapohama. Wa miaka 10 ashike ramani na aseme kituo kinachofuata. Wa miaka 13 aweke hesabu. Riyali moja ya Oman ina baiza 1,000, na baiza na pesa ni maneno ya ukoo mmoja, yote yakitokana na paisa ya India. Mpeni bajeti halisi ya chakula cha siku moja. Akiimaliza saa sita mchana, jioni mle mkate na chai. Somo hilo halitasahaulika.

Walimu waelezwe mapema. Daftari la safari, michoro na hesabu hizo zinaafikiana vyema na mtaala wa umilisi.

Adabu na usalama

Wafundisheni watoto kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wanawake. Mavazi yawe ya heshima. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos hupokea wageni wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Safari ikiangukia Ramadhani, hairuhusiwi kula hadharani mchana.

Mabonde yenye maji ya kuogelea yanapendeza, lakini mvua ikinyesha milimani, mafuriko hufika ghafla hata palipo na jua. Wingu likionekana milimani, watoto watoke majini mara moja. Magari huko hupita upande wa kulia, kinyume na hapa, kwa hivyo mtoto afunzwe kuangalia kushoto kwanza anapovuka. Dawa zenye kodini hudhibitiwa. Bebeni cheti cha daktari.

Fedha

Andikeni mistari saba: nauli, viza, malazi, usafiri wa ndani, chakula, bima na akiba ya dharura. Mashirika mengi ya ndege humtoza nauli ya mtu mzima mtoto aliyetimiza miaka 12, kwa hivyo tazameni tarehe za kuzaliwa kabla ya kuchagua mwaka wa safari. Kulala kwa jamaa hupunguza gharama, lakini siku tatu zinatosha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Karo ya muhula unaofuata isiguswe. Kama hesabu haikubali mwaka huu, safari isogezwe, na daftari la ukoo liendelee.

Wazazi wapendwa, hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Wiki hii toeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vilinganisheni na vitambulisho vyenu, na penye kasoro fikeni katika kituo cha Huduma kilicho karibu. Jioni, mwiteni mzee wa nyumba na mtoto mwenye kalamu. Shangazi aliye Muscat anazeeka, naye angependa kumjua mtoto huyo kwa sura, mbali na sauti ya simu.