Kikomo cha Hasara Kinachopanda: Mazungumzo na Wananchi wa Mlali



Nimeombwa nizungumzie akaunti za biashara ya fedha za kigeni zinazotangazwa kwenye simu, zile ambazo kampuni huahidi kumpa mtu mtaji wa maelfu ya dola akishalipa ada na kufaulu jaribio. Nitashughulika na sharti moja tu, lile la kikomo cha hasara kinachopanda, kwa kuwa ni gumu kulielewa kwa kulisoma mara moja.

Tuanze na nyanya, tunazozijua. Chukulieni mtu amekupa shilingi 1,000,000 ununue matenga ya nyanya, akakwambia: mzigo ukishuka thamani hadi 900,000, nauchukua. Hapo unajua mpaka wako. Asubuhi bei inapanda, na mzigo unafikia thamani ya 1,080,000. Hujauza hata tenga moja. Hata hivyo, mwenye fedha anausogeza mpaka hadi 980,000. Mchana bei inateremka hadi hapo, naye anachukua mzigo. Umeshuka shilingi 20,000 tu chini ya mtaji, ilhali uliamini una nafasi ya 100,000. Sidhani kama yupo mchuuzi hapa ambaye angekubali sharti hilo ana kwa ana. Kwenye simu hukubaliwa kwa kubonyeza kitufe.

Sasa tuje kwenye dola. Akaunti ya dola 50,000 yenye kikomo cha dola 2,500 huanza na mpaka wa 47,500. Kila thamani ya akaunti inapofika kilele kipya, mpaka nao hupanda. Thamani ikishuka, mpaka haushuki. Kwa hiyo nafasi yako ya kukosea ni dola 2,500, si dola 50,000. Ile tarakimu kubwa ni jina la akaunti. Tena ziko kampuni zinazoandika wazi katika masharti yao kwamba fedha hizo ni za majaribio, hazimo sokoni kabisa.

Namna ya kuhesabu kilele hutofautiana. Wengine huhesabu kila dakika, pamoja na faida ambayo bado hujaichukua, kama zile nyanya zilizokuwa kwenye matenga. Wengine husubiri salio la mwisho wa siku. Huo ni mpaka mpole zaidi, kwa kuwa kilele cha saa nne asubuhi hakiusogezi. Wapo pia wanaousimamisha mpaka ukishafika kiasi cha kuanzia.

Sehemu inayowashangaza wengi ni kutoa faida. Tuseme akaunti imefika dola 53,000 na mpaka umesimama kwenye 50,000. Ukitoa 2,500, salio ni 50,500, lakini mpaka uko palepale. Imebaki nafasi ya dola 500, na hasara ndogo ya siku moja yatosha kuifunga akaunti. Ukitaka kuanza upya, utalipa ada nyingine. Ada hiyo ndiyo fedha ya kweli katika mkataba huu, nayo imetoka mfukoni mwako.

Kabla ya kulipa, ulizeni kwa maandishi: kilele huhesabiwa lini, mpaka husimama wapi, na nikitoa faida mpaka hufanywaje? Ulizeni pia kampuni ina leseni ya nani. Hapa nchini mnaweza kuulizia Benki Kuu ya Tanzania au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Tangazo la mtu maarufu, au picha ya gari jipya, si leseni.

Mwenye masharti ya kampuni kwenye simu yake asiondoke. Baada ya mkutano nitabaki hapa, tuyasome pamoja mstari kwa mstari, na karatasi ya kufanyia hesabu ninayo.