Hogo Hukatwa, Ngozi Huachwa

Mtoto aliyevunjika mkono hulia siku mbili. Ya kwanza ni siku aliyoanguka. Ya pili huja wiki kadhaa baadaye, siku ambayo nyumbani kila mtu alikuwa akiihesabu kwa furaha: siku ya kufunguliwa hogo. Mtoto ameketishwa kitandani katika chumba cha plasta, mama amemshika bega, mtaalamu anawasha mashine, na chumba kizima kinajaa mlio mkali wa msumeno. Mtoto anaitazama ile diski ya chuma yenye meno ikishushwa kuelekea mkono wake, naye anafikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili timamu angeufikia. Anakatwa.

Hakosei kuogopa. Kila msumeno aliowahi kuuona ulikuwa ukikata mti au bati. Lakini huu ulioshikwa na mtaalamu wa plasta haufanyi kazi kama wa seremala, na tofauti hiyo inastahili kuelezwa kwa kila mzazi kabla hajaingia katika chumba hicho.

Msumeno wa mviringo wa seremala huzunguka mzunguko kamili. Jino likigusa nyama linaivuta na kuichana, na kabla mtu hajashtuka limeshafuatwa na la pili, la tatu na la kumi. Diski ya kukatia hogo haizunguki hata mara moja. Inacheza tu mahali pake, kulia na kushoto, kwa pembe ya digrii chache, maelfu ya mara kila dakika. Jicho la binadamu haliwezi kuufuata mwendo huo, ndiyo maana anayeitazama hudhani inazunguka. Diski yenye kipenyo cha sentimita 6 ikicheza digrii 5, ukingo wake husogea kama milimita mbili na nusu tu, kisha hurudi ulikotoka.

Msikilizaji anaweza kulithibitisha jambo hili hapo alipo, redio ikiendelea. Aweke ncha ya kidole juu ya mgongo wa mkono wake wa pili, akandamize kidogo, kisha akisogeze kidole mbele na nyuma kwa milimita mbili au tatu. Ngozi inakifuata kidole. Kidole hakijateleza juu ya ngozi. Vimekwenda pamoja na kurudi pamoja. Sasa ajaribu vivyo hivyo juu ya meza. Meza haiendi popote, na kidole kinaisugua.

Siri ya mashine ile iko hapo. Hogo ni gumu, limesimama imara, halina pa kukwepea. Meno yanalisugua na kulichimba mpaka linatoboka. Ngozi ni laini na ina mnyumbuko, kwa hiyo meno yakiigusa kidogo inacheza nayo na kurudi nayo. Kati ya hogo na ngozi kuna pamba laini iliyoviringwa, na mara nyingi chini yake soksi ya kitambaa, navyo huyumba pamoja na diski. Ushahidi kwamba ugumu ndio unaoamua uko katika vyumba vya upasuaji: madaktari wa mifupa hutumia misumeno yenye mwendo wa aina hiyohiyo kukata mfupa, kwa mfano wanapobadilisha goti. Mfupa ni mgumu, nao hukatwa sawasawa na plasta.

Wazo hilo lina mwenyewe. Bandeji ya plasta, yaani kitambaa kilichopakwa unga wa jasi ambao hugeuka jiwe ukiloweshwa maji, ilianza kutumika kwa upana baada ya daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, kuieleza katika miaka ya mwanzo ya 1850. Ilikuwa neema kwa waliovunjika mifupa, ila kulitoa hogo lililokwisha kukauka kulikuwa kazi ya jasho: makasi makubwa yanayominya kiungo, au kisu kinachopita jirani kabisa na ngozi. Karibu karne nzima ilipita hivyo. Kisha Homer Stryker, daktari wa mifupa wa mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, aliyekuwa na tabia ya kujitengenezea vifaa alivyovikosa, akabuni mashine ya umeme yenye diski inayocheza bila kuzunguka. Alipewa hataza yake mwaka 1947. Kampuni aliyoianzisha ni miongoni mwa kampuni kubwa za vifaa vya tiba duniani leo, na bado ina jina lake.

Katika vyumba vingi vya plasta, mtaalamu mwenye huruma humwonyesha mtoto jambo hili kwa vitendo. Anawasha mashine, anaigusisha diski kidogo kwenye kiganja chake mwenyewe, kisha anakifungua kiganja: hakuna damu, hakuna mkwaruzo. Ni onyesho zuri, nalo ni la kweli. Lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayostahili kusemwa kwa sauti zaidi.

Diski iliyogusishwa kwenye kiganja ilikuwa ya baridi. Haikuwa imekata chochote.

Chuma kinachosugua kitu kigumu hupata moto. Diski ikishapita sentimita kadhaa ndani ya hogo, joto lake hupanda, na hupanda zaidi iwapo hogo ni nene, iwapo meno yamechakaa, au iwapo limetengenezwa kwa faibaglasi, ile nyepesi ya rangi za kupendeza, ambayo ni ngumu kukata kuliko plasta ya jasi. Mnyumbuko wa ngozi uliokuwa kinga dhidi ya meno hauwezi kuwa kinga dhidi ya joto. Ngozi itacheza na diski, haitakatwa, lakini itaungua.

Mwaka uleule wa 1947 Stryker alipopata hataza yake, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Moritz na Henriques, walichapisha kazi ambayo hadi leo ni msingi wa elimu ya majeraha ya moto. Walipima, kwa ngozi ya nguruwe na ya watu waliojitolea, ni joto la kiasi gani na kwa muda gani huiharibu ngozi. Kwenye nyuzi joto 44 za Selisiasi ilichukua takribani saa sita. Kwenye nyuzi 60 zilitosha sekunde tano hivi. Hesabu hiyo inatufundisha kwamba katika kazi ya kufungua hogo, muda ni hatari sawa na joto. Diski yenye moto ikigusa na kuondoka inaweza isiache alama. Diski hiyohiyo ikitulia mahali pamoja, au ikiburutwa huku imeigusa ngozi, huacha mstari mwekundu wa kuungua unaofuata njia ya mkato.

Kwa hiyo usalama wa msumeno huu haukamilishwi kiwandani. Unakamilishwa na mkono wa anayeushika. Mtaalamu aliyefundishwa vizuri haiburuti diski kama anayepasua ubao. Anaishusha wima mpaka ahisi ugumu umeachia, maana yake hogo limetoboka, papo hapo anaiinua, anasogea hatua ndogo mbele, na kuishusha tena. Kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Kidole chake kimoja kinaegemea juu ya hogo kama breki, ili mashine isizame ghafla. Kila baada ya muda anasimama na kuipima diski kwa kugusa. Ikiwa ya moto, anaiacha ipoe au anaipangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Mashine yenye kifyonza vumbi humsaidia pia, kwani hewa inayovutwa hupunguza joto.

Njia ya kupita nayo huchaguliwa. Penye kifundo cha mguu, kwenye kiwiko, juu ya mfupa wa muundi, ngozi imelala moja kwa moja juu ya mfupa. Pale haina nyama ya kuchezea, na mnyumbuko uliokuwa kinga yake haupo. Hali ni hiyohiyo penye uvimbe uliokaza ngozi kama ya ngoma. Na pamba iliyolowa damu ikakauka huwa ngumu kama hogo lenyewe. Badala ya kuyumba na diski, inakatwa. Hogo likishapasuliwa pande mbili, hutanuliwa kwa koleo maalumu, na pamba iliyobaki hukatwa kwa makasi yenye ncha butu.

Kinga ya mwisho katika mpangilio huu ni sauti ya mgonjwa, na ndiyo inayopuuzwa kwa urahisi kuliko zote. Mtoto anapiga kelele tangu mashine ilipowashwa, kwa hiyo akipiga kelele kwa sababu anaungua, ni nani atakayetofautisha? Ndiyo maana utulivu wa mtoto si starehe tu. Tafiti zilizopima mapigo ya moyo ya watoto wakati wa kufunguliwa hogo zilionyesha kwamba waliozibwa masikio dhidi ya mlio walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko wenzao. Vizibo vya masikio si ghali. Maelezo ya dakika mbili hayana gharama kabisa: mashine italia, utasikia mtetemo na mtekenyo, huenda ukahisi uvuguvugu, lakini ukihisi moto, sema.

Wapo ambao hata wakielezwa hawawezi kusema. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hatahisi moto mpaka atakapoona lengelenge. Aliyepewa dawa ya usingizi hatasema neno. Mtoto mchanga hulia kwa kila jambo. Kwa watu hawa mtaalamu hana budi kuongeza uangalifu maradufu.

Kwa watoto wachanga, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mifupa alikwenda mbali zaidi. Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Uhispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ndiye mwenye njia ya kunyoosha miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa, kwa kufunga hogo jipya kila wiki, njia inayotumika leo hata katika hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam. Miongozo ya njia hiyo inashauri msumeno wa umeme usitumike kabisa kwa watoto hao: unawatia hofu wao na wazazi wao, na unaweza kuwajeruhi. Hogo la plasta huloweshwa maji mpaka lilainike, kisha hukatwa kwa kisu maalumu. Zahanati isiyo na mashine wala umeme wa uhakika isijione imepungukiwa. Kwa mtoto mchanga, maji na subira ni kifaa bora kuliko msumeno.

Tusiyageuze maelezo haya kuwa ruhusa ya kujifungulia hogo nyumbani. Siku hizi maduka ya vifaa vya ujenzi yanauza mashine za seremala zenye diski inayocheza vilevile. Hizo ziliundwa kwa ajili ya mbao na vigae, na anayezishika nyumbani hajui pamba ni nene kiasi gani wala mfupa uko wapi. Kisu cha jikoni na msumeno wa chuma ni hatari zaidi.

Ombi linabaki kwa pande mbili. Mzazi, kabla mashine haijawashwa, amuulize mtaalamu iwapo diski ni mpya au imechakaa, amweleze mtoto kitakachotokea, na hogo likishatoka aikague ngozi hapohapo kabla ya kuondoka. Mstari mwekundu uonyeshwe na utibiwe siku hiyohiyo. Mtaalamu naye, mgonjwa wake wa umri wowote akisema “inaunguza”, azime mashine kwanza, aiguse diski, ndipo ajibu.