Mizinga Sita Shambani kwa Bibi

Hotuba ya mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, aliyoitoa mbele ya wakazi wa kata yake katika ukanda wa Mikumi, wilayani Kilosa

  

Nimeombwa nieleze faida anayoipata mwanafunzi wa sekondari anapopewa kazi ya kubuni na kutengeneza kitu kwa mikono yake. Ningeweza kujibu kwa maneno ya jumla, nikasema kazi hizo hukuza akili na kuandaa wataalamu wa kesho. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamsaidii mzazi aliyeacha jembe lake kuja kunisikiliza. Kwa hiyo nitaeleza vitu viwili nilivyovitengeneza, jinsi vyote viwili vilivyoharibika mara ya kwanza, na jambo ambalo sasa naliomba kwenu.

Kitu cha kwanza kilikuwa kibuyu chirizi. Wengi mnakifahamu: dumu la maji linaning'inizwa kwenye mti, kamba inashuka hadi kwenye kijiti kilicho chini, mtu anakanyaga kijiti kwa mguu, dumu linainama na maji yanatiririka mikononi bila mtu kulishika. Nilikuwa kidato cha pili tulipopewa kazi ya kutengeneza vibuyu chirizi vinne kwa ajili ya shule ya msingi iliyo jirani yetu. Tulivitengeneza kwa siku moja, tukavikabidhi, tukapiga picha, tukaondoka tukiwa na furaha.

Baada ya wiki moja nilipita pale. Madumu yalikuwa matupu na watoto walikuwa wakila maembe bila kunawa. Nilimuuliza binti mmoja wa darasa la kwanza kwa nini hanawi. Hakunijibu kwa maneno. Alisogea, akakanyaga kijiti, kisha akanyoosha mikono juu. Maji yalimwagikia kichwani. Tulikuwa tumepima kimo cha dumu kwa urefu wetu sisi. Tena tundu tulikuwa tumelitoboa kwa msumari mnene, kiasi kwamba dumu la lita tano liliisha kabla ya mapumziko ya saa nne.

Siku iliyofuata tulirudi na futi kamba. Tuliwapanga watoto mstarini, tukapima kimo cha viwiko vyao, tukashusha madumu. Tundu jipya tulilitoboa kwa sindano ya kushonea magunia iliyopashwa moto. Kazi ile ya pili haikuchukua hata saa mbili, nayo ndiyo iliyofaa. Tangu siku ile, kabla ya kuchora chochote huuliza: ni nani atakayekitumia, na mikono yake inafika wapi?

Ndugu zangu, kitu cha pili kinahusu shamba la bibi yangu, na najua kinahusu mashamba ya wengi mlioketi hapa.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Tumezaliwa tukaikuta, na wako miongoni mwetu wanaopata riziki kwa sababu ya wageni wake. Lakini kila mkulima wa ukanda huu anajua maana ya kuamka alfajiri akakuta nyayo za tembo pale alipopanda mahindi. Mahindi yanapokomaa, bibi hawezi kulala dunguni na kupiga madebe usiku kucha, kwa kuwa umri umekwenda. Anayelala dunguni ni mdogo wangu wa kiume. Yuko kidato cha pili, na mwaka huu ana mtihani wa taifa. Msimu wa mavuno anakesha shambani, asubuhi anakwenda shuleni, anasinzia darasani. Mwalimu wake anadhani ni mvivu. Mimi najua si mvivu, maana kabla yake aliyelala dungu lile nilikuwa mimi pamoja na mjomba.

Nilipokuwa kidato cha tano nilisoma habari za utafiti uliofanyika nchini Kenya. Mwaka 2007, Lucy King na wenzake walieleza kwamba tembo wanaposikia mlio wa nyuki waliochokozwa hukimbia. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki humuuma machoni na ndani ya mkonga. Kutokana na ujuzi huo ulibuniwa uzio wa mizinga: nguzo zinasimikwa kuzunguka shamba, mizinga inatundikwa kwa waya kati ya nguzo na nguzo, na mizinga yote inaunganishwa kwa waya mmoja. Tembo akiusukuma waya akitaka kupita, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Wakulima wa jirani zetu kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa nao wameujaribu.

Likizo ya Desemba ya kidato cha tano, mimi, mdogo wangu na mjomba, ambaye ni seremala, tulitengeneza mizinga sita ya masanduku kwa mabaki ya mbao. Tuliitundika upande wa shamba unaotazama hifadhi, mzinga mmoja kila mita kumi. Fedha za waya hazikutosha, kwa hiyo tukaunganisha kwa kamba ya katani, maana wilaya yetu haijawahi kukosa katani.

Niliporudi likizo ya Juni nilikuta mambo manne. La kwanza, nyuki walikuwa wameingia katika mizinga miwili tu. Mingine ilikuwa imekaa juani mchana kutwa, bila kivuli. La pili, kamba ya katani ilikuwa ikibana mvua iliponyesha na kulegea jua lilipowaka, na mwishowe ilianza kuoza. La tatu, mchwa walikuwa wamekula nguzo tatu. La nne, tembo walikuja mwezi Mei. Hawakuugusa uzio wetu kabisa. Walifika kwenye mzinga wa mwisho, wakazunguka pembe ya shamba, wakaingia upande ambao haukuwa na kitu. Nyayo zao zilionekana wazi, kama mtu aliyekuta mlango wa mbele umefungwa akapitia uani.

Niliona aibu. Nilimwambia bibi kwamba nimepoteza mbao za mjomba bure. Bibi alinijibu, "Mjukuu wangu, tembo kakusahihishia daftari. Sasa andika upya."

Tuliandika upya kwa kuanza na hesabu. Shamba la eka moja, likiwa mraba, lina upande wa mita 64 hivi, na mzunguko wake ni mita 254. Kwa kituo kimoja kila mita kumi, zinahitajika nafasi 25. Watafiti wa Kenya walionyesha kwamba si lazima kila nafasi iwe na mzinga. Waliweka mzinga na kibao kitupu kwa zamu. Kwa hiyo eka moja inahitaji mizinga 13. Kwa bibi yangu peke yake, hiyo ni gharama asiyoiweza.

Kisha tukakokotoa mashamba manne ya eka moja moja yaliyopakana, likiwemo la bibi. Kila mmoja akijizungushia uzio wake, inahitajika mizinga 52. Wakizungusha uzio mmoja kwa pamoja, mzunguko ni mita 509, na mizinga 26 inatosha. Mashamba yetu si mraba kamili, lakini tofauti si kubwa. Gharama inashuka kwa nusu, si kwa sababu ya chombo kipya, bali kwa sababu majirani wanne wamekubaliana. Hesabu ile niliiandika kwa mkaa kwenye ubao, mbele ya majirani watatu wa bibi. Wawili walikubali siku hiyohiyo. Wa tatu, mama mwenye mbuzi, aliuliza swali ambalo sikuwa nimeliwaza: "Na nyuki hao watawajuaje tembo, wawaache mbuzi wangu na watoto wanaokwenda shule?"

Swali lile lilibadilisha mchoro wote. Kwa kuwa nusu ya nafasi ni vibao vitupu, tulipanga vibao viwe upande wa njia ya watoto na wa zizi, na mizinga ya kweli tukaisogeza mbali na njia na zizi, kuelekea porini. Katani tuliiondoa, tukaweka waya. Nguzo tulizipaka oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Kila mzinga tuliuezekea nyasi ili upate kivuli, na ndani tukapaka nta ili nyuki wavutiwe na harufu. Yule mama sasa ndiye mweka hazina wetu.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kusoma na kutengeneza. Darasani nilifundishwa kukokotoa mzunguko wa mraba nikapata alama zote, lakini sikuwa nimejua kwamba mzunguko unaweza kuamua kama mtoto atalala nyumbani au dunguni. Darasani pia jibu likikosewa mwalimu huweka mkasi na mambo yanaishia hapo. Shambani kosa halifutiki kwa kalamu. Sharti ulitazame, uulize limetoka wapi, kisha urudi na nyundo.

Tunaye mfano mkubwa wa mwanafunzi wa Kitanzania aliyekubali kuuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba. Akitengeneza aiskrimu, aliona maziwa aliyoyaweka kwenye friza yakiwa ya moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliposimulia alichokiona, alichekwa. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha andiko kuhusu jambo hilo. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu yake, na wanaliita kwa jina la Mpemba. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na maziwa, sukari na swali ambalo hakukubali linyamazishwe.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeupa mkondo wa amali nafasi yake katika sekondari, pamoja na mkondo wa jumla. Mikumi tuna chuo cha VETA. Kuna pia mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, na shule za sekondari zina nafasi humo. Milango ipo. Lakini mwanafunzi hawezi kubuni suluhisho la tatizo ambalo hajaonyeshwa, wala hawezi kujifunza kushika randa kwa kuitazama kwenye picha.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Ombi la kwanza nalielekeza kwa wazazi na viongozi wa vitongoji. Tuleteeni matatizo yenu shuleni: bomba linalovuja, daraja la miti lililooza, mashine ya kukoboa inayomwaga nafaka. Mengine hatutayaweza, nasi tutasema hivyo. Lakini mwanafunzi apewe tatizo lenye mwenyewe, mtu atakayemwambia kwamba maji yanammwagikia kichwani.

Ombi la pili ni kwa mafundi wetu, maseremala na wachomeleaji. Mruhusuni mwanafunzi asimame karanani kwenu siku ya Jumamosi, na mabaki ya mbao msiyachome yote.

Ombi la tatu linahusu uzio. Mpaka leo tumetundika mizinga 11. Imebaki 15, na mahindi hayatusubiri. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Majirani wa bibi wameamua kuunda kikundi cha wanawake cha ufugaji nyuki na kuomba mkopo huo, kwa kuwa asali itauzwa hata mwaka ambao tembo hawakuja. Naomba Ofisi ya Mtendaji iwaongoze katika taratibu, na mtaalamu wa nyuki wa wilaya aje akague kazi yetu kabla hatujaendelea. Sisi ni wanafunzi. Tunaweza kuwa tumekosea tena, na ni afadhali tusahihishwe na mtaalamu kuliko na tembo.

Wala nisieleweke vibaya. Siwaambii kwamba tumewashinda tembo. Uzio haujakamilika, na haujajaribiwa kwa msimu mzima. Hakuna anayepaswa kumkabili tembo kwa sababu ametundika mzinga. Tembo wakionekana, toeni taarifa kwa uongozi wa kijiji ili askari wa wanyamapori waitwe. Kitakachonionyesha kama kazi yetu imefaa si cheti wala picha. Mahindi yatakapokomaa nitakuwa shuleni, karibu na mtihani wangu wa mwisho. Nitampigia bibi simu jioni, nitamuuliza mdogo wangu yuko wapi. Akiniambia amelala chumbani kwake, nitajua.