Fungueni Sanduku Mbele ya Wote

 

Wahitimu, nimeombwa niseme juu ya maisha ya uaminifu. Mngeweza kumwita mchungaji, na angeifanya kazi hii vizuri kuliko mimi. Mimi ni mhasibu mstaafu na mtunza hazina wa usharika. Maisha yangu yamepita kati ya hati za malipo, vitabu vya fedha na masurufu yasiyorejeshwa kwa wakati. Kwa hiyo msitegemee mahubiri. Nitasema jinsi uaminifu unavyoonekana ukikaa upande ule wa meza anakokaa mtu wa kuuliza, "Risiti iko wapi?"

Mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu katika nchi ambayo leo ni Zambia, mmisionari David Livingstone alikutwa amefariki huku amepiga magoti kando ya kitanda chake. Mliisoma habari hiyo shuleni. Vitabu vingi vikifika hapo huruka moja kwa moja hadi London, kwenye mazishi ya Westminster Abbey ya tarehe 18 Aprili 1874. Mimi huvutiwa na kilichofanyika katikati, na hasa kile kilichofanyika kwanza kabisa.

Fikirini hali ilivyokuwa. Watu wake wapatao 60 wako mbali na pwani, zaidi ya kilomita 1,500. Aliyewaajiri amekufa. Mali yake imebaki mikononi mwao: masanduku, vyombo vya kupimia, nguo, daftari. Hakuna balozi, hakuna polisi, hakuna mkaguzi. Kila mmoja angeweza kuchukua alichoweza kubeba na kutokomea, na hadi leo tusingejua jina la hata mmoja wao. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone wa miaka mingi, wakawaita wenzao wote. Wakataka masanduku yafunguliwe kila mtu akiwepo, ili kama mna fedha ndani, wote wawe na dhamana. Halafu wakampa kazi Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya watumwa walioachwa huru huko Nasik, India, kwa sababu alijua kuandika. Jacob akaandika orodha ya vitu.

Jamani, hayo ni makabidhiano kamili! Maiti iko pale, msiba ni mbichi, njaa na homa vimewachosha, na watu hawa wanaorodhesha mali. Nimeona ofisi zenye viyoyozi na mashahada ukutani ambako mkuu wa idara huhamishwa na orodha ya samani haijulikani ilipo.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Moyo wa marehemu waliuzika pale pale chini ya mti, Jacob akasoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga na kuanza mwendo. Walipofika Unyanyembe, upande wa Tabora, walimkuta ofisa Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewashauri wauzike mwili huko huko kwa sababu njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Huko mbele, Kasekera, ilionekana wenyeji hawangekubali maiti ipitishwe katika nchi yao, basi wakafunga furushi la mabua ya mtama mfano wa maiti, wakatuma watu warudi nalo kama wanaokwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane robota la nguo. Wanafunzi wa theolojia, najua mtabishana kama hila hiyo ni dhambi. Bishaneni, mna haki. Mimi siipambi. Februari 1874 walifika Bagamoyo, mwili, daftari na mizigo vikakabidhiwa.

Katika habari yote hii, kinachonishika si ushujaa wa safari. Wapo watu mashujaa ambao ni wezi. Kinachonishika ni lile tendo la asubuhi ya kwanza. Susi na Chuma walikuwa na kila sababu ya kusema, "Sisi tumekaa na mzee huyu miaka mingi, tuachieni funguo." Hawakusema hivyo. Walitaka waonekane. Na hapa ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi niliyosikia juu ya uaminifu. Tunafundishwa kuwa mtu mwaminifu ni yule unayeweza kumwachia fedha ukalala usingizi. Sawa. Lakini mwaminifu mwenyewe hataki umwachie hivyo. Anakuambia: njoo tuhesabu wote.

Someni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza fedha za hekaluni zitumike kukarabati nyumba ya Bwana, na makuhani wakaachiwa kazi hiyo. Ulipofika mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa bado ziko pale pale. Biblia haisemi kuwa makuhani walikuwa wezi. Inasema tu kwamba ukarabati haukufanyika, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi ya usharika anaelewa sentensi hiyo. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Likijaa, anakuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, watu wawili wa ofisi mbili tofauti, wanahesabu pamoja, ndipo fedha zinakwenda kwa wasimamizi wa kazi na kwa maseremala na waashi. Mwishoni mwa habari hiyo tunaambiwa kwamba wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Watu hupenda kukariri mwisho huo, hasa wanaochelewa kurejesha masurufu. Wanasahau kwamba ulitanguliwa na sanduku lenye tundu na watu wawili wa kuhesabu.

Paulo naye, alipokusanya mchango kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alituma ndugu wengine pamoja na Tito, na akawaeleza Wakorintho sababu bila aibu: asije mtu akawalaumu juu ya fedha hizo. Mtume mwenyewe! Leo mwambie mhubiri fulani kwamba sadaka ihesabiwe na watu watatu, uone atakavyokuuliza kama una pepo.

Kwetu usharikani, ibada ikiisha, tunaingia sakristia wazee watatu. Vikapu vinamwagwa mezani. Noti nyingi zimekunjwa ndogo sana, nyingine zimelowa jasho la kiganja, kwa sababu kuna mama aliyeishikilia yake mkononi tangu ameingia kanisani mtoto asiichukue. Sarafu zinapangwa mafungu. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika, kisha wote wanasaini. Kazi hii inachosha na chumba kina joto. Mara kwa mara kijana mpya kwenye baraza la wazee huuliza kwa nini tunarudia kuhesabu wakati sote ni watu waliookoka. Namjibu kwamba tunarudia kwa sababu ya yule mama mwenye noti iliyolowa. Yeye hayupo chumbani. Saini tatu zipo kwa niaba yake.

Vijana wangu, mkifika kazini mtakutana na neno moja: "Kwani huniamini?" Atalisema bosi anayetaka usaini hati ambayo hujaona kiambatisho chake. Atalisema rafiki anayetaka umwandikie jina kwenye daftari la mahudhurio wakati yuko shambani kwake. Atalisema mfamasia mwenzako unapouliza makopo mangapi yametoka stoo. Neno hilo linauma, maana sisi ni watu wa heshima na hatupendi kumkosea mkubwa. Jibu kwa upole: "Nakuamini, mkubwa wangu, lakini naomba nione." Mwaminifu hatakasirika. Katika kazi yangu nimegundua kwamba kelele nyingi wakati wa ukaguzi hutoka kwenye meza zenye hoja za ukaguzi zisizo na majibu.

Na ninyi mkikaguliwa, msinune. Danieli alikuwa ofisa mkubwa wa serikali huko Babeli, na wenzake walioona wivu walipekua kazi yake wakitafuta kosa. Hawakupata. Ndipo wakageukia sala zake, wakatunga sheria dhidi ya hizo. Tunapenda kuwasimulia watoto juu ya simba. Mimi ningependa watoto wasimuliwe pia juu ya mafaili: kwamba mtu huyo alitupwa kwenye tundu kwa ajili ya sala kwa sababu kwenye mafaili hapakuwa na kitu cha kumshtakia. Ukienda kusali saa sita kwenye ushirika wa ofisini na faili lako limejaa safari hewa, adui zako hawahitaji hata kutunga sheria.

Leo mnapokea vyeti. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali yetu uliwaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,900 kwa vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wana watoto vyuoni, ni wazee wa makanisa na wa misikiti. Siwataji ili tuwacheke. Ninachotaka mwone ni kwamba uongo wa siku moja, karatasi moja iliyogongwa muhuri wa bandia, uliwadai walinzi miaka yote hiyo. Kila uhamisho, kila barua ya kupandishwa daraja, kila simu ya ofisa utumishi. Huo ni utumwa. Cheti chako ni halali, umekitolea jasho. Usiende sasa kukitumia kusaini vitu visivyo halali.

Maana mara nyingi hutajaribiwa kwa mabilioni. Mabilioni yana wenyewe. Utajaribiwa kwa posho ya siku tatu wakati semina ilikuwa ya siku mbili. Muuguzi atajaribiwa kwa boksi moja la glovu. Mwalimu atajaribiwa kwa kipindi cha mwisho cha Ijumaa, mvua inakaribia na mkuu wa shule kasafiri. Yesu alifundisha kwamba mtu wa lililo dogo ndiye huyo huyo wa lililo kubwa, na miaka yangu yote ya kazi sijakutana na mtu aliyemkanusha.

Niseme na jambo ambalo Wakristo hatulipendi sana. Kati ya wale wawili waliokusanya watu kwa Chitambo, Chuma alikuwa amebatizwa Bombay mwaka 1865. Susi alikuwa bado. Alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, miaka 13 baadaye, akaitwa David. Kwa hiyo mkifika kazini msidhani uaminifu ni mali ya madhehebu yenu. Mtawakuta watu wasiosali kama ninyi na vitabu vyao ni safi kuliko vya mwinjilisti. Jifunzeni kwao, na mwone haya kidogo.

Wala sitawadanganya kwamba uaminifu unalipa. Wale wapagazi walipofika pwani walilipwa ujira wao wakaambiwa kwaherini. Jacob Wainwright pekee ndiye aliyesafiri na mwili hadi Uingereza na kuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Susi na Chuma walipelekwa huko baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, wasaidie kuandaa kitabu kutokana na zile daftari walizozitunza. Jumuiya ya Kijiografia ya London ilitengeneza medali kwa ajili ya wale 60, lakini zilipotoka wengi walikwisha kutawanyika. Wapo kati yenu watakaokosa cheo kwa sababu walikataa kusaini. Kuna atakayehamishiwa kituo kisicho na umeme. Tuliobaki nyuma tutasema alikuwa mgumu, hajui maisha. Nendeni mkilijua hilo tangu leo.

Sasa naomba niwageukie wazazi na walezi, maana huko ndiko nilikokusudia kufika. Kijana huyu akipata kazi, kabla ya mshahara wa tatu ataanza kupigiwa simu. Bati za nyumba ya bibi. Ada ya mdogo wake. Kamati ya harusi ya binamu imemwandikia ahadi bila kumuuliza. Kisha mnamlinganisha: mtoto wa fulani, ana mwaka mmoja tu kazini, kashanunua gari. Hakuna anayeuliza gari hilo limetoka mshahara upi. Nimeketi na watumishi waliopatikana na upungufu wa fedha, na mara nyingi walichoanza kunieleza ni michango ya nyumbani. Sisi tuliowaombea wapate kazi ndio tunaowasukuma waibe, kisha tunakwenda kuwatolea sadaka ya shukrani.

Nawasihi, akija Krismasi na mfuko wa sukari na kanga moja ya mama, mpokeeni kwa vigelegele kama mtakavyompokea leo. Akija na makubwa mno, mwite pembeni, wewe baba yake, wewe mama yake, umuulize yametoka wapi, na usile mpaka amejibu.